Sauti Isiyoweza Kuapa

Awali, kila asubuhi kabla ya shule, Syafinaz alimsaidia mama yake kufunga wali uliotiwa rangi ya samawati kwa maua kwenye majani ya mgomba, kisha baba yake, Roslan, akaupeleka sokoni mjini Kota Bharu kwa pikipiki. Lakini sasa waliufungia kwa Mjomba Saari, kaka wa mama, na mjomba ndiye aliyeupeleka.

Chanzo ni safari. Baba alimkatalia Syafinaz kwenda Kuala Lumpur na wenzake. Basi baba akiwa bafuni, msichana akachukua simu ya baba, akailisha programu ya akili mnemba sauti yake, nayo ikatamka: "Rohaya, nimekuacha talaka moja." Akamtumia mama. Alitaka wagombane kidogo tu, baba naye aonje. Lakini kwao talaka haina mzaha. Hata ikitamkwa kwa utani, imetamkwa. Mama hakuuliza kitu. Alikusanya nguo, akamshika Syafinaz mkono, akaenda kukaa eda kwa kaka yake.

Baba alikana, wakamwita mwongo. Syafinaz akanyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Kesi ikafika kwa kadhi. Mjomba Saari akainua juu simu ya dada yake.

"Mheshimiwa, nimeipima sauti hii kwa programu nyingine. Imesema ni Roslan, haina shaka."

"Hiyo programu ilikuwepo Roslan akitamka?" kadhi akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Inaweza kuapa?"

"Ikiwa na chaji," mtu akanong'ona nyuma, watu wakacheka.

Kadhi hakucheka. "Siku hizi sauti hupikwa. Hii naipokea kama dalili dhaifu, si shahidi. Bi Rohaya, yupo aliyemsikia kwa masikio yake?"

"Hayupo. Ila sauti ya mume wangu naijua."

"Basi anayekana ataapa."

Roslan akasimama.

"Apa tu, shemeji," Saari akasema. "Jehanamu hakuna foleni."

Mama akafunika uso, asimwone mumewe akiapa uongo. Hapo Syafinaz akashindwa kuvumilia.

"Baba asiape. Sauti niliitengeneza mimi."

Roslan hakumtazama binti yake. Alimtazama mkewe.

"Miaka yote tumekula sahani moja, Rohaya. Ukashindwa hata kuniuliza?"

Kadhi akaamua kwamba hakuna talaka, warudi nyumbani kwao. Roslan akachukua kofia yake ya pikipiki, akatoka peke yake.

Kadhi akamwita Syafinaz karibu.

"Mheshimiwa, Baba atatusamehe?"

"Hilo halikuletwa mbele yangu, mwanangu. Ushahidi wa mashine nimeweza kuukataa. Lakini mama yako aliuamini, na baba yako ameshajua kwamba aliuamini. Hukumu ya kulifuta hilo sina. Mashine ilitamka mara moja tu; wewe ulinyamaza kila siku. Ukikosea, sema mapema, maana ukweli uliochelewa hukuta watu wameshaumizana."