Taa ya Perel

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kazi yangu ya kila Jumapili asubuhi ilikuwa kuwasha taa za marehemu. Sinagogi letu liko mtaa mmoja tu kutoka Ziwa Michigan, katika mji mdogo wa Port Almira. Ni jengo la mbao lililopakwa rangi nyeupe, lenye mabenchi kumi na mawili na jiko la zamani linalotoa moshi mwingi kuliko joto. Ukutani upo ubao wa shaba wenye majina ya watu wetu waliofariki. Kando ya kila jina kuna balbu ndogo kama zabibu. Wiki ya kumbukumbu ya mtu ikifika, unaizungusha balbu yake mpaka inawaka; ndugu yake akija, unamngoja uiwashe mbele yake. Wiki tatu kabla ya hapo, unawaandikia ndugu zake kadi ya kuwajulisha tarehe, kwa sababu wengi walishahamia mijini.

Kazi hiyo nilipewa na Mzee Lipsky, mtunzaji wa sinagogi.

“Vidole vyangu vimestaafu,” aliniambia. “Kichwa bado kinaomba mkataba uongezwe.”

Nilifurahi kupewa kazi ya kimya. Nilikuwa na haya sana. Hata dukani nilimwonyesha muuzaji kitu kwa kidole ili nisiseme.

Bibi Fradel, bibi yangu aliyenilea, alikuja nami kufuta vumbi kwenye mabenchi, na kila benchi lilimkumbusha jambo. Alizaliwa katika hoteli ya baba yake, hatua chache kutoka ufukweni. Kila kiangazi meli zilileta familia kutoka Chicago, na mtaa mzima ulinukia vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta ya kuku. Siku ya Sabato watoto waliingia humu sinagogini na nywele zenye maji ya ziwa, wakasinzia kwenye mapaja ya mama zao. Waliokosa nafasi walisali nje, kwenye majani.

“Siku hizo tuliwaambia watu hakuna nafasi,” bibi alisema huku akikung'uta kitambaa. “Siku hizi tunawavuta kwa keki.”

Ilikuwa kweli. Hoteli zilikuwa zimevunjwa. Kiangazi walikuja wageni wachache, lakini wakati wa baridi kupata watu wazima kumi ilikuwa kazi. Na bila watu kumi, Kadishi, sala ya wafiwa, haisemwi.

Miezi ya kalenda yetu ya Kiyahudi hufuata mwezi wa angani. Ili sikukuu zisihame majira yake, kila baada ya miaka miwili au mitatu tunaongeza mwezi mzima, na mwezi wa Adari unakuja mara mbili. Mwaka huo ulikuwa wa namna hiyo.

“Shifra, angalia daftari,” Mzee Lipsky alinikumbusha. “Aliyefariki Adari wa kwanza ana siku yake, na aliyefariki Adari wa pili ana yake. Usiwachanganye.”

“Sawa, babu.”

Lakini Jumapili ya kuandika kadi za Adari, maji ya bandarini yalikuwa yameganda vizuri, na rafiki yangu Malka alikuwa mlangoni, viatu vyake vya kutelezea kwenye barafu vikining'inia shingoni.

“Bado unaandikia wafu?” aliuliza. “Barafu haitakungoja wewe.”

Daftari lilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa limefungwa; ufunguo ulikuwa kwa Mzee Lipsky. Mezani palikuwa na orodha ya mwaka uliopita, mwaka wenye Adari mmoja. Nikanakili tarehe zote kutoka humo, nikazihesabu kwenye kalenda kwa Adari wa kwanza, nikazitia kadi posta, tukakimbilia barafuni.

Kadi moja ilimfikia Bwana Hershel Brodkin wa Chicago, mwenye miaka themanini na moja. Mama yake, Perel, alikuwa mpishi katika hoteli ya baba yake Bibi Fradel, na huko ndiko alikofia. Bwana Hershel alikuja kwa basi, safari ya saa tatu na nusu kwenye theluji, kumsemea mama yake Kadishi mbele ya ubao wenye jina lake. Alishuka polepole, akishika mkono wa dereva. Bibi alimpa chumba kwetu.

Jioni ile, tukiwangoja watu sinagogini, alinisogelea.

“Wewe ndiye uliyeniandikia, mjukuu wangu? Mwandiko mzuri. Ila mimi kichwani nilikuwa na Adari wa pili. Una uhakika?”

“Niliangalia kwenye daftari,” nikasema.

“Basi. Daftari lina kumbukumbu nzuri kuliko mimi.”

Alipoketi, nilikwenda kwenye kabati, ambalo jioni hiyo lilikuwa wazi, nikalifungua lile daftari kwa mara ya kwanza tangu niandike kadi zile. *Perel, binti Moshe. Tarehe saba, Adari wa pili.*

Nyuma yangu watu walikuwa wanaingia, wakigonga viatu kuondoa theluji. Bibi Fradel alikuwa amewapigia simu siku mbili nzima. Wanane, tisa, kumi. Ningewezaje kusema mbele ya wote hao? Nikaenda kwenye ubao, nikaizungusha balbu ya Perel. Ikawaka. Bwana Hershel akasimama, akasema Kadishi kwa sauti iliyotetemeka, na wote wakaitikia amina. Mimi sikuitikia.

Asubuhi Mzee Lipsky alikuja kumsindikiza mgeni wetu stendi. Tulikuwa mezani. Bwana Hershel alikuwa na furaha, akimweleza bibi jinsi mama yake alivyokuwa akiwapiga watoto vidole kwa mwiko walipodokoa mikate ya jibini.

“Daktari ananikataza safari,” alisema. “Sasa mwache akataze. Mwaka huu nimefanya lililonipasa, moyo wangu umetulia.”

Niliposikia hivyo, niliweka kikombe chini.

“Babu,” nikamwambia Bwana Hershel, “jana haikuwa siku ya mama yako.”

Wote watatu wakanigeukia. Nikaeleza yote: orodha, barafu, kabati lililofungwa. Niliongea nikitazama kitambaa cha meza.

“Kwa hiyo nilipokuuliza, hukuwa umeangalia,” Bwana Hershel alisema.

“Sikuwa nimeangalia. Niliangalia baadaye, kabla hujaanza kusali. Nikanyamaza.”

“Shifra,” bibi alisema.

“Nilikwambia mara ngapi kuhusu daftari?” Mzee Lipsky alianza.

“Ngoja kwanza, Lipsky,” Bwana Hershel akamkatiza. “Mama ni wangu, na hasira ni zangu. Niacheni nikasirike mpaka chai iishe.”

Akanywa taratibu. Sijawahi kuona kikombe kinachochelewa kuisha kama kile. Mwishowe akakiweka chini.

“Nitarudi mwezi ujao,” alisema. “Lakini hao watu kumi utawaita wewe, binti. Si bibi yako. Na kila mmoja utamwambia kwa nini unamwita mara ya pili.”

Kwangu mimi ilikuwa afadhali nipigwe. Niliiandika namba ya kwanza, ya daktari wa meno Pressman, nikakaa mbele ya simu muda mrefu kabla ya kuibonyeza.

“Kwa hiyo ulidanganya,” daktari alisema nilipomaliza.

“Ndiyo.”

“Kinywa kinachosema kweli huwa hakiniogopi. Njoo nikikague siku moja. Nitakuja.”

Bi Tova Gorelik, mwenye shamba la matunda, alicheka mpaka akakohoa. “Umetuita miezi yote miwili ya Adari. Ukigundua wa tatu, nipigie mapema, nina matrekta ya kutengeneza.”

Kufikia simu ya sita, sauti yangu ilikuwa haitetemeki tena.

Machi, barafu ilikatika vipande ziwani, na Bwana Hershel akashuka tena kwenye basi, safari hii na mkongojo. Jioni ya Alhamisi walikuja watu kumi na mmoja. Niliizungusha balbu ya Perel, na Kadishi iliposemwa niliitikia amina kwa nguvu hadi bibi akanitazama.

Watu walipokuwa wakila keki, Mzee Lipsky aliniita mbele ya ubao.

“Hata mimi ningewakosea hawa, wangeninyamazia,” alisema. “Perel hawezi kushuka aseme leo si siku yake. Kazi unayomfanyia mtu asiyeweza kukukagua, hiyo ndiyo inayotaka ukweli wote. Kukosea tarehe ni uvivu, na uvivu unatibika kwa kufungua kabati. Kusema umeangalia wakati hukuangalia ni uongo, na dawa yake umeinywa mwenyewe, simu kumi. Umeelewa?”

“Nimeelewa, babu.”

Akanipa ufunguo wa kabati uwe wangu.

Bado ninao. Mzee Lipsky yuko ubaoni sasa, safu ya mwisho, na Bwana Hershel yuko kando ya mama yake. Mwaka huu Adari unakuja mara mbili tena. Jumapili iliyopita nililifungua daftari, nikasoma mstari wa Perel kwa kidole, kisha nikausoma tena, ndipo nikachukua kadi ya kumwandikia mjukuu wa Hershel.