Picha Zilizorudi Nusu

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alipitia studio ya picha ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake, na lilimfaa. Hakuna aliyefagia kwa haraka kama yeye, wala aliyeacha taka nyingi nyuma ya mlango kama yeye. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti kirefu, taa mbili, na kompyuta iliyohifadhi picha za wateja wa miaka mingi.

Wiki hiyo kompyuta iliharibika. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akasema diski ya ndani imekufa na kila kilichokuwamo kimekwenda nayo. Shangazi hakushtuka sana, kwa kuwa nakala za picha zote zilikuwa kwenye diski ndogo ya akiba aliyoifungia kabatini. Fundi alipokwisha kuweka diski mpya, shangazi alimkabidhi Chapuchapu kazi ya kuzirudisha. Alimweleza taratibu aunganishe diski ya akiba kwa waya, anakili kila kitu, kisha afungue picha za kila mwaka na kuzikuza mpaka zijaze kioo, aone kama ni nzima.

Chapuchapu alinakili. Majina yakajipanga kwenye kioo, na juu ya kila jina picha ndogo ya ukubwa wa ukucha. Idadi ililingana na ya kwenye diski ya akiba. Kuzifungua lilikuwa jambo la kuchosha, na uwanjani wenzake walikuwa wameshaanza mchezo. Akachukua begi lake.

"Zimerudi?" shangazi aliuliza, akiwa anamweka mteja sawa kitini.

"Zote, Shangazi. Nimezifungua, ni nzima."

Shangazi alimsifu mbele ya mteja. Chapuchapu akavimba kichwa, akakimbilia uwanjani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Shangazi aliondoka asubuhi kwenda kupiga picha za mahafali ya chuo, akabeba kompyuta mpakato na ile diski ya akiba. Alisema kwa kuwa picha zimesharudi salama, ataifuta diski hiyo apate nafasi ya kazi ya siku hiyo. Chapuchapu aliachwa kulinda studio.

Haukupita muda akaingia mama mshonaji, jirani wa duka la pili. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na simu iliyokuwa na picha zake ikaibiwa. Iliyobaki duniani ni moja tu, aliyopigwa hapo studio. Mama mshonaji alitaka ichapishwe kubwa, kwa sababu mwanawe mdogo alikuwa ameanza kuuliza baba alikuwa na uso wa namna gani.

Chapuchapu aliiona kati ya zile ndogo, akaibonyeza. Likatokea paji la uso, zikatokea nyusi mbili, basi. Kuanzia hapo kushuka chini palikuwa na rangi ya kijivu tupu. Alifungua picha nyingine, na nyingine. Chache zilikuwa nzima, nyingi zimekatika.

"Mbona hana macho?" mama mshonaji aliuliza kwa sauti ya chini.

Chapuchapu alimpigia shangazi simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Shangazi alipokea katikati ya kelele, naye Chapuchapu akamweleza kwamba picha ya mume wa mama mshonaji inatokea nusu.

"Jana si uliifungua ikawa nzima?" shangazi alisema. "Basi hiyo ni kompyuta tu, izime uiwashe. Mimi hapa ndiyo naifuta diski, watu wanaingia ukumbini."

Ilikuwa rahisi kuitikia tu. Angesema ndiyo, aibu ingemwepuka, na uso wa yule baba ungepotea kabisa.

"Usiifute, Shangazi. Nilikudanganya. Sikufungua hata moja."

"Naiacha," shangazi alisema. "Usiguse kitu mpaka nirudi."

Siku hiyo haikuisha upesi. Shangazi alikosa mahali pa kuhifadhia picha, kamera ikajaa kabla ya sherehe kumalizika, na wahitimu wengi wakamwendea mpiga picha mwingine. Alirudi alasiri uso umemshuka. Hakugomba, na Chapuchapu aliona heri angegombezwa.

Mkosaji alikuwa waya. Kichwa chake kilikuwa kimelegea, kwa hiyo picha zilipita zikikatikakatika njiani. Ndani ya diski ya akiba zilikuwa salama. Shangazi alitoa waya mpya, wakanakili upya. Safari hii Chapuchapu alikaa kitini, akazifungua na kuzikuza, mwaka baada ya mwaka, mpaka macho yakamuuma. Wenzake walipita dirishani wakimwita, wala hakugeuka.

Jioni mama mshonaji aliitwa. Mumewe alikuwa mzima kwenye kioo, akitabasamu, amevaa shati ambalo kola yake imepanda upande mmoja.

"Shati hilo nilimshonea mimi," mama mshonaji alisema. "Kola niliikosea. Nikamwambia avue nirekebishe, akakataa, akasema atapigwa picha hivyo hivyo."

Akacheka, kisha akalia. Shangazi akamsogezea kiti.

Walipobaki wawili, Chapuchapu aliomba radhi. Shangazi alikuwa akikunja lile pazia jeupe, akaacha.

"Nimekusamehe, mwanangu. Waya mbovu ungeweza kumpata yeyote, hata mimi. Lakini usiseme picha imerudi mpaka uifungue uone kweli inafaa. Na kama hujahakikisha, sema hujahakikisha, hakuna atakayekuchapa. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Sikuwa na ushahidi mwingine wowote, nilikuwa na neno lako tu."