Mwanamke wa Kahawia Katika Picha ya Dansi

Mama alinituma nikamchukue mdogo wangu Lettice kabla taa za gesi hazijawashwa barabarani. Chai ilikuwa inapoa. Ni hilo tu.

Wiki ya tatu sasa Lettice alikuwa akikaa kuchorwa na Mzee Harcombe na mwanawe Denzil, mabingwa wa picha za dansi za wakubwa wa London. Baba huchora nguo, mwana huchora nyuso, na matajiri hupanga foleni ili waonekane wamealikwa mahali ambapo hawakualikwa.

Harufu ilinipokea mlangoni. Ubani... na nyama iliyosahaulika kabatini.

"Ni rangi hiyo, bibie," Denzil alisema, akisaga kitu cheusi juu ya kipande cha marumaru. "Kahawia ya vivuli. Inatokana na maiti za Misri, zile zilizokaushwa enzi za Mafirauni. Usikunje uso, wachoraji wengi wanaitumia."

"Mnasaga watu?"

"Watu wa zamani," Mzee alinirekebisha. Akachongoa brashi yake kwa midomo. Ulimi wake ulikuwa wa kahawia mpaka kooni. "Tangu uanze chuo, maswali hayaishi."

 Nikageukia picha.

Lettice alikuwa mbele kabisa, gauni la waridi, mabega wazi. Nyuma yake alisimama mwanamke mkavu, wa kahawia, asiye na kope. Mkono wake ulikuwa begani kwa mdogo wangu.

"Huyu nani?"

"Muulize Denzil, ndiye fundi wa nyuso," Mzee alisema. "Mimi nilidhani ni kimada anayemficha."

Denzil akaacha kusaga.

"Baba... mimi nilidhani umemchora wewe. Jumatatu alikuwa kule nyuma pichani, karibu na kinanda."

Mzee akaishusha brashi yake.

"Dada Gusti," Lettice akaninong'oneza kutoka kitini. "Mwambie huyo mtu aniachie bega. Ananiumiza."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nikamgeuza kwenye mwanga. Alama za vidole vitano, za kahawia, zilikuwa zimezama nyamani kama za mtu anayekanda unga.

Na zilikuwa zinaendelea kuzama.

Nilinyakua kisu cha kukwangulia rangi.

"Wewe! Hiyo ni ya maonyesho!" Mzee alipiga kelele. "Miezi saba hiyo!"

Nikaukwangua ule mkono pichani. Haukutoka kama rangi. Ulibanduka vipande vipande, vyenye ngozi, na chini yake pakavuja uji vuguvugu ulionichuruzikia mpaka kiwikoni. Kipande kimoja kilinirukia mdomoni.

Kilikuwa na chumvi.

Lettice akavuta pumzi ndefu, akaniangukia.

Picha haikuchomwa, msijidanganye. Akina Harcombe walichora nguzo juu ya yule mwanamke, wakaipeleka kwenye maonyesho ya Mei, na watu wa maana walisukumana kuvisifia vivuli.

Daktari anasema ni upele wa rangi tu. Alama zimefifia. Lettice anakula, anacheka, anaoga mara mbili kwa siku. Lakini mama akimkumbatia humwachia upesi, kisha huenda kunawa mikono mpaka maji yageuke kahawia, na hamwambii mtu kwa nini.

Mimi niliyemwokoa bado sijamkumbatia.