Jicho la Moto Juu ya Duka la Hong

Chumba cha nyuma cha kibanda cha tambuu. Kaka Guo alichovya kidole kwenye chai, akachora duka la sonara mezani. Mlango. Kaunta. Karakana ya nyuma. Sefu.

"Mzee Hong hufungua sefu akiyeyusha dhahabu tu," alisema. "Akiwasha bomba la gesi, yuko nyuma, hasikii kitu. Akilizima, anakaa mbele, mguu karibu na kitufe. Akikikanyaga, shata la chuma linashuka na kuziba mlango. Uko ndani? Umekwisha."

"Tutajuaje amewasha?" aliuliza Akuan, dereva, mnene, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Dada yetu atatuambia." Guo alimtazama Sulan.

"Mwezi wa saba huu, Kaka," alisema Akuan. "Mizimu iko barabarani. Tungengoja upite."

"Usiwataje hivyo. Waite ndugu wema, mjinga wewe. Unataka wakufuate nyumbani?"

"Ndiyo hayo ninayosema."

"Ndugu wema hawana pingu. Kesho ni sadaka yao, kila duka litaweka meza nje na kuwachomea pesa za karatasi, moshi mji wote wa Tainan. Nani atatuangalia?"

Kulikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Kilikuwa cha Jinhe, mdogo wa damu wa Sulan, aliyeungulia ghalani kwenye kazi iliyopita. Guo ndiye aliyetoka wa mwisho. Alisema Jinhe alikuwa ameshakata roho yeye alipofunga mlango. Sulan alimuuliza mara nyingi, na kila mara Guo alijibu huku akiangalia pembeni. Jina lenyewe hakulitamka tena. Sulan alibaki kwenye genge kwa sababu moja tu: alitaka kujua.

ASUBUHI

Sulan alikuwa amepanga chumba juu ya duka la Hong. Akatandika gazeti kitandani, akapanga vitu vyake kama mtu anayetaka kupika.

Kijicho cheusi, kidogo kama punje ya pilipili manga, kinachoona mwanga wa moto ambao mtu hauoni. Bodi yenye ubongo wa kompyuta, ndogo kuliko kiberiti. Kioo kidogo cha kuandikia neno. Akalehemu waya tatu: mwekundu wa umeme, mweusi wa kuurudisha, wa njano wa kupeleka habari. Akaiandikia bodi maagizo yake: mwanga ukizidi kiasi, andika MOTO, ukipungua, andika HAMNA. Kisha akawasha kiberiti cha gesi, akakisogeza mbali, akarudi kukaza skrubu ya kijicho kidogo kidogo, mpaka kioo kikaacha kubabaika.

Akakiteremsha kijicho kwa waya mrefu, kando ya bomba la mvua, kikaning'inia karibu na dirisha la karakana.

ALASIRI

Meza zilijaa matunda, tambi, pombe na udi. Akuan alingoja kwenye gari pembeni. Guo alipaswa kuwa mbele ya duka.

HAMNA. HAMNA.

MOTO.

Sulan alishika simu, akasita. Hakusikia mngurumo wa gesi. Akachungulia chini.

Guo alikuwa amechuchumaa kichochoroni, chini ya dirisha la karakana, mbele ya pipa la chuma, akilisha moto pesa za karatasi na shati la karatasi. Lazima umwite mtu wako kwa jina, la sivyo mizimu mingine itawahi kuzichukua.

"Jinhe, mdogo wangu, njoo uchukue," aliomba, sauti ikipanda hadi dirishani. "Shati nimechagua mwenyewe. Usinifuate tena. Ulikuwa unagonga, nilisikia. Ningefungua, moshi ungetuua sote. Lakini kila nikilala unagonga, mdogo wangu. Nionee huruma."

Sulan alijiziba mdomo kwa kiganja.

Karatasi zikaisha. Kioo kikaandika HAMNA. Guo akajifuta masizi, akazunguka mbele. Chini ya sakafu, Mzee Hong alikohoa kwenye kaunta yake.

Simu ikalia.

"Vipi, dada? Amewasha?"

"Ulikuwa wapi, Kaka?"

"Nilikwenda kujisaidia. Amewasha au bado?"

"Kaka. Jinhe alisema chochote mwishoni?"



"Hayo ndiyo ya kuuliza sasa? Nilishakwambia. Alikuwa maiti."

Sulan alitazama kioo. HAMNA.

"Moto umewaka," alisema. "Ingia."

Alisikia kengele ya mlango. Sauti ya Guo. Kisha shata likashuka kwa kishindo, na barabarani sahani za sadaka zikavunjika watu walipokuwa wakikimbia. Akavuta waya, akakusanya kifaa chote kikiwa bado kimewashwa, akashuka ngazi za nyuma.

Aliingia kiti cha nyuma cha gari.

"Kaka yuko wapi?" aliuliza Akuan.

"Ndani. Hong alikuwa mbele."

"Si ulisema amewasha?"

"Nilisema."

Akuan aliacha kutafuna. Alimtazama kwenye kioo cha gari.

"Jinhe alikuwa hai," Sulan alisema. "Guo alisikia anagonga, akaondoka."

Akuan alitema maji mekundu kwenye kikombe. Ving'ora vilikuwa vinakaribia.

"Funga mlango wako, dada," alisema, akaliondoa gari.

Walielekea magharibi, jua likiwapiga usoni. Kioo cha kifaa kiliwaka kitini. MOTO.

"Kina nini hicho?"

"Jua. Jua nalo hukidanganya."

Akakigeuza kijicho, akakilaza kifudifudi kwenye kitambaa cheusi cha kiti, akakifunika kwa mkono. Akangoja.

MOTO, kioo kiliandika. MOTO.

Sulan hakuchomoa betri. Alisogea mpaka dirishani, akamwachia mdogo wake nafasi ya mtu mmoja.