Joho Chini ya Godoro

Kila Jumamosi, fundi cherehani alimwachia bintiye kazi ya kupiga pasi na kuwapelekea wateja nguo zao. Watu walimwita binti huyo Kinanda kwa sababu ya sauti yake. Kanisani yeye ndiye aliyeongoza sala ya watoto, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

Wiki ile mama yake alishona majoho meupe ya kwaya, kila moja na msalaba mwekundu kifuani. Vitambaa vilivyobaki aliviunga kwa ustadi, akapata joho moja zaidi.

"Mpelekee binti wa muuza mkaa," alisema. "Asiye na joho haimbi kesho, na baba yake hana uwezo. Mwambie ni zawadi."

"Sawa, mama," Kinanda alijibu kwa sauti tamu.

Joho halikufika. Kinanda alilisukuma chini ya godoro lake. Binti yule naye alijua kuimba, na kwa kimo chake angesimama mstari wa mbele, bega kwa bega naye. Masizi asimame karibu yangu? Thubutu! Jina hilo la Masizi alilibuni Kinanda mwenyewe, darasa zima likalidaka.

Alasiri mama alikwenda kanisani kukagua pindo za majoho. Nje, dirishani, alimkuta binti wa muuza mkaa akifuatisha wimbo kwa midomo tu. Ndani, Kinanda alikuwa amefumba macho na kuinua mikono, akifunga mazoezi kwa sala ndefu.

"Ee Bwana, wakumbuke maskini! Wavike wasio na nguo!"

Mama alisubiri amina. "Joho la mwenzako liko wapi?"

Kinanda alishusha mikono. "Li... liko nyumbani."

Mama alimrudisha nyumbani, akapekua chumba chake. Alipoinua godoro na kuona joho limekunjamana, akawa mbogo.

"Unamtuma Mungu amvike mtu nguo uliyoilalia wewe! Mungu ni mtumishi wako?"

"Mama, nilikuwa nimesa..."

"Usiniongezee uongo!"

Akatwaa wembe, akalivuta joho la Kinanda na kuanza kuufumua msalaba.

"Mama! Kesho naongoza sala! Watu watanicheka!"

"Ahaa, kumbe unaogopa watu! Msalaba huu nimeushona mimi, naufumua mimi. Sasa piga pasi joho la mwenzako, ulipeleke."

Kinanda alipiga pasi huku akilia kwa hasira. Alimchukia mama, akauchukia wembe, na zaidi ya yote akamchukia Masizi.

Alimkuta muuza mkaa akijaza magunia. Alipoliona joho, hakuligusa. Alikwenda kwanza kunawa kwa sabuni, akajifuta vizuri, akaikagua mikono yake, kisha akalipokea.

"Mungu ambariki mama yako," alisema. "Na wewe pia, mwanangu, kwa kutukumbuka."

Hapo Kinanda alishindwa. Hasira yote ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Usinibariki, baba. Nililificha. Sikutaka asimame karibu nami."

Binti wa muuza mkaa alitoka nyuma ya magunia, macho yakimwaka. "Nimesimama dirishani kama mwizi kwa ajili yako! Na mimi siitwi Masizi!"

"Najua. Nisamehe."

"Sijui kama nitaweza leo." Akalichukua joho. "Lakini kesho nitasimama karibu nawe, hapo hapo usipopataka. Na usithubutu kusogea!"

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, Kinanda alisimama mbele ya wanakwaya wenzake akiwa na joho lisilo na msalaba. Akaeleza kila kitu. Wengine walicheka, naye hakuwajibu. Akawaomba jina la Masizi lisitajwe tena, kisha akamwomba mwalimu wa kwaya sala iongozwe na mwingine.

Mama alikuwa mlangoni. Bado alikuwa amekunja uso, lakini alichomoa sindano kwenye ukosi wake, akamvuta bintiye na kuanza kumshonea msalaba.

"Huu wa kitambaa nimeufumua kwa wembe, na mtoto yeyote anaweza," alisema akikata uzi kwa meno. "Imani ya kweli ni yale unayomtendea mwenzako wakati hakuna anayekutazama. Hiyo haifumuki. Haya, nenda, mwenzako anakungoja."

Kinanda alikwenda kusimama mstari wa mbele. Binti wa muuza mkaa alimtazama kwa jicho kali, kisha akasogea kidogo, akampa nafasi.