ADUI WA KWELI HAKUNGOJI

Habari hii niliambiwa na binti yangu wa mwisho, Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinama nafagia maganda ya karanga kwenye banda langu la video.

"Mama! Kaka kaniulia mume!"

Ufagio ukanitoka mkononi.

"Kafa?"

"Hajafa! Lakini shingo... mama, shingo imekwenda!"

Subirini, wajukuu zangu mnaonisoma humu. Mwenda pole hajikwai. Niwajulishe kwanza nani ni nani, maana hapa kuna mtu kanichoma kisu, na kisu chenyewe nilikinoa mimi.

Mwanangu mkubwa ni fundi wa kuchomea mageti. Watu wote humwita Fundi, hata mimi niliyemzaa. Binti yangu ni huyo aliyekuja analia, kitinda mimba wangu. Mumewe ni dalali wa nyumba na viwanja, ana mdomo wa kumuuzia samaki maji. Wote tunakaa ua mmoja. Mbele ya ua, upande wa barabara, ndipo lilipo banda.

Banda aliliacha marehemu mume wangu. Mabenchi, luninga kubwa ukutani, pazia jeusi mlangoni. Tunaonyesha kung fu za zamani, hizo tu. Tiketi nakata mwenyewe, na ukipiga kelele wakati wa pambano nakutoa kwa sikio, hata uwe na mvi.

Binti akanipa simu yake, kioo kimepasuka kona.

"Tazama, mama. Nilirekodi."

"Ulijuaje kama watapigana?"

"Mume wangu alishaniambia, siku kaka yako akinisogelea washa simu, huyu ataniua."

Nikatazama. Ni uani kwetu, siku ya Jumatatu, mimi nililala msibani.

"Mnafiki wewe!" Fundi anafoka.

"Kanuke moshi huko!" Dalali anajibu.

Fundi kanyanyua ngumi. Dalali anarudi nyuma kuelekea kwenye ngazi ya jikoni. Ngumi ikashuka...

PAA!

Dalali chini, kalala kwenye saruji kama gunia. Halafu ni kelele za binti yangu, na simu inaonyesha mawingu.

Nilikwenda chumbani kwao kumwona mgonjwa. Kalazwa chali, kola ya shingo imemfika mpaka masikioni.

"Pole, baba."

"Mama, mimi nakuheshimu sana," akasema kwa sauti ya puani. "Lakini Ijumaa naipeleka hii video polisi. Mwanao ataozea ndani."

"Hakuna njia nyingine, baba? Sisi si ndugu?"

Akafumba macho.

"Ipo moja... Niandikie banda. Liwe fidia yangu. Ukitia dole gumba tu, mimi nimesamehe."

Nikatoka mpaka kwenye karakana ya mwanangu. Nilimkuta kakaa juu ya geti ambalo halijaisha, miwani kaiweka kichwani.

"Ulimpiga mwenzio?"

"Nilimpiga, mama. Hasira."

"Sasa tunafanyaje?"

Hakuniangalia usoni.

"Mpe banda. Mimi sitaki jela. Au banda lina thamani kuliko mimi?"

Jamani! Swali gani hilo la kumuuliza mama?

Wajukuu zangu, nilikata shauri papo hapo. Banda ni mabati na mbao. Mtoto ni mtoto. Nikasema moyoni, baba yake atanisamehe huko aliko, natoa.

Lakini usingizi haukuja vizuri. Kila nikifumba macho naisikia ile PAA!

Mlio ule niliujua. Niliujua kama navyoujua mlio wa mlango wangu.

Hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu marehemu. Watu wengine wakitazama kung fu wanamtazama steringi, yule asiyekufa. Mume wangu alikuwa anamtazama anayepigwa. Kulikuwa na mzee mmoja kipara, yupo kwenye sinema nyingi tu, jina lake sisi hatukulijua. Tukampa letu: Mzee wa Ngazi. Kila sinema anaporomoshwa ngazini, anavunja meza, anakufa kabla watu hawajamaliza karanga. Kwenye sinema inayofuata yumo tena, na kipara chake kile kile.

Sinema zile kamera inakaa mbali, unawaona watu wawili wazima, nywele mpaka kisigino. Pigo, kinga, pigo, kinga, mateke yanapishana na nywele za mtu, na hawakati mahali! Ukikosea unamtoa mwenzio jino kweli. Mume wangu alikuwa akisimamisha, anarudisha nyuma, anawafundisha watu na fimbo mkononi.

"Mnadhani anayepiga ndiye fundi? Kupiga hewa hata mlevi anaweza! Fundi ni huyu anayeanguka. Akianguka vibaya, teke la steringi ni la kuku. Mwangalieni jicho, anatafuta pa kuangukia kabla hajaguswa. Kiganja kinapiga chini kwanza. PAA! Huo mlio ni mkono, mgongo unakuja baadaye. Kidevu kakibana kifuani, kichwa hakigusi chini."

Kisha anawageukia watu wa mabenchi.

"Haya, tumpigie makofi aliyeanguka!"

Na banda zima linapiga makofi. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Mpaka leo mimi naiendeleza.

Basi Jumatano nikaomba tena ile simu. Nikakaa nayo jikoni. Nikarudisha, nikarudisha...

Jicho! Dalali alichungulia saruji kabla ya ngumi.

Kiganja! Kilitangulia.

Kidevu kifuani!

Wee mwana wa watu... umejifunzia banda gani? Si hili hili langu, bure, kwa kuwa ni mkwe?

Nilicheka peke yangu mpaka sufuria ikaungua. Mwanangu hana kosa! Kapiga ngumi ya hasira, sawa, lakini haikumfika mtu. Mkwe kajiangusha apate banda!

Alhamisi mchana nikawaita wote bandani. Nikamwita na shemeji yangu, kaka wa marehemu, watoto humwita Bamkubwa. Masikio yake yamechoka, lakini ndiye mkubwa wa ukoo, na benchi la nyuma ni lake tangu banda linafunguliwa. Kila sinema anamshangilia adui. Anasema steringi ana watu wengi.

Dalali aliingia anatembea kama kabeba mtungi kichwani. Mkewe kamshika kiwiko. Fundi akaegemea ukuta, kakunja mikono.

"Karatasi iko wapi nitie dole?" nikauliza.

Dalali akaitoa mfukoni haraka. Kwa mgonjwa, mkono ulikuwa mwepesi!

"Vizuri. Kabla sijatia, tutazame sinema. Binti yangu, chomeka simu yako kwenye luninga."

"Ya nini tena, mama?" Dalali akaruka. "Mnanitonesha!"

"Tulia, baba. Shingo."

Video ikaja ukutani, kubwa, watu kama walivyo. Nikachukua fimbo ya marehemu.

"Simamisha hapo. Bamkubwa, mtazame mkwe wetu jicho. Linatazama wapi?"

"Chini!" Bamkubwa akajibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Ngumi imefika?"

"Bado!"

"Endelea... simamisha. Kilichotangulia chini ni nini?"

"Kiganja! Heee! Shemeji, huyu ni Mzee wa Ngazi!"

Binti yangu akamwachia mumewe kiwiko.

"Mume wangu... mama anasema nini?"

"Mama yako kazeeka! Anachanganya sinema na maisha!"

"Nimezeeka, ndiyo," nikasema. "Sasa mbona unanigeukia na shingo imevunjika?"

Kweli, alikuwa kaigeuza shingo yote ndani ya kola. Akairudisha shingo mbele, kachelewa.

Weee! Nilijisikia kama niko mimi kwenye luninga. Nikamgeukia mwanangu nimwone anavyofurahi, maana nimemtoa jela kwa fimbo tu.

Hakuwa anafurahi.

"Basi, mama," akasema. "Yamekwisha. Zima."

"Nizime? Bado ngumi yako! Bamkubwa hajaiona vizuri. Binti, rudisha, iende polepole."

"Mama, zima!"

Ikaenda polepole. Ngumi ya Fundi ikapanda juu ya bega. Dalali akarudi nyuma, kisigino kikakanyaga tofali lililolegea pale karibu na ngazi. Akayumba. Mguu haujakaa.

Na ngumi...

Ngumi ikabaki juu.

Kwenye simu ndogo nisingeliona hilo hata siku moja. Ukutani lilikuwa kubwa kama nyumba. Mwanangu, mwenye hasira za kuua, kashika ngumi hewani, macho kwenye mguu wa mwenzake. Anamngoja. Dalali akapanga mguu wa kwanza, akapanga wa pili. Kidevu kikaingia kifuani.

Ndipo ngumi ikashuka.

Nikaishusha fimbo. Maana na hilo marehemu alilisema, tena mara nyingi: "Wale wawili wanapendana. Tazama wanavyongojana. Adui wa kweli hakungoji upange miguu."

"Fundi, mwanangu. Ulikuwa unangoja nini?"

Akageukia pazia la mlangoni.

"Nakuuliza wewe. Ngumi iko juu, adui yako anayumba, unangoja nini?"

Akapiga ukuta teke.

"Sasa ulitaka nimvunje kweli?! Ndiyo, tulipanga! Tumekuomba mara ngapi kwa maneno, mama? Hili banda limekufa! Nani anatazama mateke ya wazee siku hizi? Pale mbele yangekaa maduka, tungegawana mimi na yeye, na wewe ungekula vizuri!"

"Mkaona mnidanganye."

"Tulijua kwa ombi hutoi." Sauti ikamshuka. "Kwa mtoto utatoa."

Hapo ndipo kisu kilipoingia, wajukuu zangu. Maana alisema kweli. Ningetoa. Dole lilikuwa tayari.

Binti yangu naye akawa kashachemka.

"Nimekukanda shingo!" akamkaba mumewe kwa macho. "Nimekulisha uji kwa kijiko! Nimekusindikiza mpaka chooni!"

"Mke wangu, ilikuwa kwa ajili yetu..."

"Na mimi ndiye mpiga picha wenu!"

Akaikamata ile kola, akaifungua kwa nguvu, akamrushia usoni. Dalali akaruka nyuma, benchi likamkata magotini, akaenda.

Safari hii jicho halikutafuta mahali. Kiganja hakikutangulia. Alianguka kama nguo inayodondoka kwenye kamba, bila mlio wa maana, akabaki kaduwaa miguu juu.

"Hiyo sasa ya kweli," Bamkubwa akasema. "Mbaya sana."

Hakuna aliyecheka. Nikaichukua ile karatasi nikaichana vipande, vikaangukia kwenye maganda ya karanga.

Nikamwambia mwanangu, "Baba yako kila siku alikuwa akisema nini humu ndani?"

Akainamisha kichwa.

"Tumpigie makofi nani?"

"...Aliyeanguka."

"Leo aliyeanguka ni mimi. Mbona hupigi?"

Na Bamkubwa, maskini wa Mungu, masikio yake yalichukua lile neno makofi tu. Akaanza kupiga. Peke yake, kwenye benchi la nyuma, taratibu, kama tulivyozoea.

Pa. Pa. Pa.

Fundi akaketi chini, akafunika uso kwa viganja vyake vya moshi.

Mnataka kujua mwisho? Dalali alichukua begi akaenda kwa nduguze, shingo nzima kabisa. Binti yangu alirudi kwenye kitanda chake cha usichana, akaniambia, "Mama, usiniulize kitu leo," akageukia ukutani akalala. Bamkubwa tulimpa chai, akasinzia kabla haijapoa, tukamwacha kwenye kiti.

Nami funzo langu ni hili, mlishike. Mkiona watu wawili wanagombana mbele yenu kwa kelele nyingi, kisha wote wawili wanawaomba kitu kile kile, msitazame ngumi. Tazameni miguu. Kama wanangojana, basi anayepigwa ni wewe.

Fundi hakwenda kwake. Nilipotoka kufunga banda nilimkuta humo, kafagia maganda yote na vile vipande vya karatasi. Hakusema samahani. Na mimi sikusema nimesamehe, maana sijasamehe.

"Jumamosi nani anakata tiketi?" akaniuliza.

"Mwenye banda."

Akajinyoosha kwenye benchi la mbele, lile lile alilokuwa akilalia utotoni sinema ikirefuka. Akafumba macho.

Nikasimama juu yake namchunguza. Wajukuu zangu, nimeumwa na nyoka, kamba naikimbia... nilitaka nijue kama na huu ni mchezo wameupanga. Nikatazama kope. Nikatazama miguu.

Mdomo ukamfunguka, udenda ukamshuka mpaka kwenye mbao.

Hapana. Hakuna mwigizaji anayekubali hilo.

Kalala kweli.