Alama Nne Kwenye Ghala la Konde

Nukta nyekundu ilitua katikati ya paji la uso la Talib, sokoni Konde, saa nne asubuhi, watu wakipishana na vikapu.

"We dada! Wanipima homa au wanipiga risasi?"

Mwanawema alishusha kipimajoto. Alivaa baibui jeusi, mtandio wa zambarau na buti za kazi zenye tope. "Napima ukuta. Wewe ndiye uliyejiweka mbele."

"Na homa ninayo?"

"Mzima kabisa. Sogea."

Hakusogea. Ukuta ule ulikuwa wa ghala kongwe la karafuu, na ndani yake Talib alishona kanzu. Alimkaribisha, na Mwanawema alipovuka kizingiti akainua macho juu. Nje jua lilichoma, ndani palikuwa na ubaridi wa mtungini. Kuta za mawe na chokaa zilikuwa na unene wa mkono mzima. Matundu ya juu yalivuta upepo, na feni haikuwepo hata moja. Gunia la mwisho lilitoka miaka thelathini nyuma, lakini kuta bado zilinukia karafuu.

"Subhanallah. Nani kajenga hivi?"

"Mafundi wa hapa hapa. Hata ramani hawakuwa nayo. Na wewe kazi yako nini?"

"Napima majengo ya kazi. Skuli, ofisi, maduka. Yanakula umeme na maji kiasi gani, yatadumu miaka mingapi. Hili, Bi Rashida mwenye ghala anataka kujua alitengeneze au alibomoe ajenge jipya."

"Ukisema libomolewe?"

"Litabomolewa."

"Basi kaa unywe chai kwanza."

Alikunywa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Jioni simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Paa lako linavuja pembe ya mashariki."

"Hivyo ndivyo mnavyobembeleza huko kwenu Chokocho?"

Wiki ya tatu Talib alikwenda Wete kununua vitambaa. Aliporudi alikuta alama nne za X kwenye kuta za ghala, kubwa, nyekundu. Nchi hii hakuna asiyejua maana yake. Ukiiona ukutani kwako, tafuta pa kwenda.

Mtu mzima angepiga simu kuuliza. Talib alizima yake. Alipoiwasha siku ya tatu, Mwanawema alikuwa anapiga.

"Talib, kulikoni?"

"Ulikunywa chai yangu huku unajua."

"Najua nini?"

Talib akakata simu.

Asubuhi Mwanawema alipanda gari la kwanza. Alimkuta Talib anafunga cherehani kwa kamba, na Bi Rashida amesimama mlangoni, mkoba kwapani.

"Nani kakwambia linabomolewa?" aliuliza Mwanawema.

Talib alinyoosha kidole ukutani. Mwanawema alitazama, akacheka, kisha uso ukamwiva kwa aibu. "Hapo nilitundika vipimajoto! Nilipoviondoa nikatia alama kwa chaki nyekundu. Chaki nyeupe haionekani kwenye chokaa."

"Soko zima linaniuliza nauza mawe lini," alisema Bi Rashida. "Nisomee hayo majibu."

Mwanawema alifungua faili. "Nje, digrii thelathini na tatu. Humu ndani, ishirini na sita mchana kutwa, wiki mbili, bila umeme. Jengo jipya la vioo nililopima mwaka jana lilifika thelathini na nane umeme ulipokatika. Boriti nzima. Paa lizibwe pembe moja, maji ya mvua yakingwe. Nimepima majengo arobaini, Bi Rashida. La kulishinda hili sijaliona."

Bi Rashida alikaribia ukuta, akaweka kiganja. Miaka ishirini alikuwa mwenye ghala, na hakuwahi kuligusa. Alikiacha hapo, kama anayesikiliza moyo wa mtu.

"Tunatengeneza," alisema, akatoka akipangusa macho.

Talib aliitupa kamba. "Nisamehe, Mwanawema."

"Chaki kosa langu. Kuzima simu kosa lako. Jambo likikuuma, uliza."

"Nauliza, basi. Nikituma wazee Chokocho, watapokewa?"

Mwanawema aliinamisha uso.

"Baba ndiye atakayewapokea. Mie nitakuwa nyuma ya pazia. Wakizidisha maneno, nitakohoa."

"Ukikohoa maana yake nini?"

"Maana yake nimekubali, waache kusema."